Asiyechanga, Moto Ukimfikia

Vijijini Marekani, moto ukitokea, mara nyingi wanaokuja kuuzima si waajiriwa. Ni mkulima, mwalimu au fundi wa magari ambaye, king'ora kikilia, huacha alichokuwa akifanya na kukimbilia gari la zimamoto. Yeye hujitolea, lakini gari, mafuta na mipira ya maji lazima vilipiwe, na vikosi vingi hutegemea michango ya wenyeji. Je, asiyechanga ana haki ya kuzimiwa moto?

Swali hili limewahi kujibiwa kwa vitendo. Mwaka 2010, katika kaunti ya Obion, jimbo la Tennessee, wakazi wa nje ya mji wa South Fulton walitakiwa kulipa dola 75 kwa mwaka ili wahudumiwe na zimamoto wa mji huo. Familia moja haikuwa imelipa. Nyumba yao iliposhika moto zimamoto hawakuja, ingawa mwenyewe aliahidi kulipa gharama zote. Walifika baadaye, moto ulipolifikia shamba la jirani aliyelipa. Wakalinda shamba hilo. Nyumba wakaiacha iteketee mbele ya macho yao.

Hoja ya mji si ya kijinga. Kama kila mtu atalipa siku nyumba yake inapoungua tu, gari halitakuwepo hata siku hiyo. Nimejaribu kuivunja hoja hii, sikuweza. Lakini naona ni hoja ya kwenye kikao. Deni linaweza kusubiri hadi kesho, likadaiwa hata mara kumi; nyumba haisubiri. Aliyesimama na maji mkononi hawezi tena kusema kwamba jambo hilo halimhusu.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne, jiko la jirani yetu liliungua usiku. Kwetu Burundi, kilimani, hakuna gari la zimamoto la kungoja. Tulikimbia na madumu ya maji, wengine wakarusha udongo, wengine wakapiga moto kwa migomba mibichi. Mzee huyo hakuwa akichangia chochote, wala haonekani misibani. Usiku ule hakuna aliyelitaja hilo. Baba alirudi na mkono uliobabuka.

Kwa muda mrefu nilijivunia kisa hiki, nikakitumia hata darasani kuwasema watu wa South Fulton. Siku hizi nasita. Mwaka uliofuata mzee yule alifiwa na mkewe, na waliokwenda kuchimba kaburi walikuwa watano tu. Wengine tulikaa majumbani tukijua. Tulikuwa na daftari letu la wasiolipa, ila halikuandikwa.

Tena kuna jambo la ndizi. Shamba letu lilipakana na jiko lile, na upepo ulikuwa unavuma upande wetu. Likizo iliyopita nilimuuliza baba kama angekimbia vile vile iwapo nyumba ile ingekuwa peke yake ng'ambo ya bonde. Aliutazama mkono wake, akasema, "Mwanangu, usiku ule sikuuliza upepo unaelekea wapi." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba kwenda kuzika angeweza kwenda, na hakwenda.