Nyerere kati ya kambi mbili

Katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, Julius Nyerere aliukataa ubepari kwa sababu ya unyonyaji wake. Alikataa vilevile fundisho kwamba usawa lazima uzaliwe na vita vya matabaka. Msingi wake ulikuwa udugu wa jamaa, upanuliwe hadi umfikie kila binadamu.

Hata hivyo, wengi wa Magharibi walimwita mkomunisti, hasa China ilipoanza kujenga reli ya TAZARA mwaka 1970. Wafuasi wa Marx nao walimwona mwotaji tu. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa Tanzania kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki kule Dar es Salaam. Nyerere akaiambia ichukue na misaada mingine.

Kosa la kumpachika mtu jina la kambi ni kugeuza uamuzi mmoja, kama mkopo wa reli, kuwa ushahidi wa imani yake nzima. Tena jina hilo huzima ukosoaji wa haki. Kuwahamishia watu vijijini kwa nguvu miaka ya 1970 kuliwaumiza wakulima wengi, na kulistahili kulaumiwa kwa sababu hiyo hiyo, awe aliyeamuru ni mkomunisti au Mkatoliki wa misa, kama alivyokuwa Nyerere.