Je, Kuzungumza na Adui ni Usaliti?



Hapa Kibaha, mahali paitwapo Kwa Mfipa, yapo majengo ya Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyofunguliwa mwezi Februari 2022. Shule hiyo ni ya vyama sita vilivyotokana na mapambano ya ukombozi: CCM ya hapa nyumbani, FRELIMO ya Msumbiji, MPLA ya Angola, SWAPO ya Namibia, ZANU-PF ya Zimbabwe na ANC ya Afrika Kusini. Siku moja tulipita hapo na mjukuu wetu aliye kidato cha tatu, naye akatuuliza, "Bibi, hawa wote walikuwa kitu kimoja siku zote?"

Tulitaka kumjibu ndiyo, maana ndivyo tulivyozoea kufundisha darasani. Lakini jibu la kweli ni hapana. Watu wa upande mmoja, wenye adui mmoja, waligombana vikali, tena kwa jambo ambalo sisi wenyewe katika parishi hatujalimaliza. Je, ni halali kukaa meza moja na adui mwenye nguvu za kukuangamiza? Na ndugu anayekubali kukaa naye, je, ni msaliti?

Kwanza tumkumbuke adui mwenyewe. Serikali ya Makaburu ilikuwa na jeshi kubwa kuliko majirani zake, na ilikuwa na jambo jingine la kutisha zaidi. Mwezi Agosti 1977 setilaiti ya Warusi iliona mahali palipoandaliwa kwa kujaribia bomu la nyuklia katika jangwa la Kalahari. Mataifa makubwa yalipiga kelele, na jaribio lile halikufanyika. Lakini kazi haikukoma. Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk aliliambia Bunge lake kwamba nchi yao ilikuwa imetengeneza mabomu sita, na kwamba yote yalikuwa yamekwisha kuvunjwa. Basi katika miaka ya 1980, tulipokuwa tukiimba nyimbo za ukombozi shuleni, silaha hizo zilikuwako. Sisi tulikisia tu. Wenye nchi jirani walilala nazo usingizi wa mang'amung'amu.

Mbele ya adui wa namna hiyo, Afrika iligawanyika. Rais Kamuzu Banda wa Malawi alifungua ubalozi na Makaburu mwaka 1967, akampokea Waziri Mkuu Vorster mwaka 1970, na mwaka 1971 akaenda mwenyewe kuwatembelea. Rais Houphouët-Boigny wa Ivory Coast naye alitaka mazungumzo. Mwezi Juni 1971 mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Addis Ababa, na wengi wao, Tanzania ikiwamo, wakaikataa njia hiyo. Wengine walisema, "Kumtembelea mbaguzi ni kumsafisha." Wengine wakajibu, "Nchi yangu ni maskini, haina bahari, na vijana wangu wako katika migodi yake. Ninyi mnaopiga kelele mtawalisha?"

Tusidhani kwamba walioikataa safari ya Banda walichukia mazungumzo ya kila namna. Tamko la Lusaka la Aprili 1969, ambalo Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walikuwa mbele katika kulitoa, lilisema wazi kwamba Afrika ingependa kufikia haki kwa amani kuliko kwa bunduki, ila haitaacha kuwasaidia wapigania uhuru maadamu mlango wa amani umefungwa. Wala wanaosusa hawakuwa watu wa hasira tu. Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa mchungaji wa ndugu zetu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, aliijua Afrika Kusini kwa kuishi Sophiatown, naye kwa miaka mingi aliwaomba watu wa Uingereza wasinunue hata matunda ya huko. Kususa nako ni namna ya kusema.

Lakini wakubwa walipogombana, adui hakukaa bure. Mwaka 1971 Vorster alitangaza hadharani kwamba Kaunda, aliyekuwa akimlaumu, alikuwa akiandikiana naye kwa siri. Kaunda ikambidi azichapishe barua zile ili dunia ijisomee kwamba hakuuza kitu. Wahenga walisema, vita vya panzi furaha ya kunguru. Tulipoanza kuulizana ni nani kati yetu aliyeandika barua, hakuna tena aliyemwuliza Vorster kwa nini watu wanafungwa.

Mwaka 1984 sisi tulikuwa wanachuo wa ualimu. Tarehe 16 Machi mwaka ule Rais Samora Machel wa Msumbiji, shujaa wetu sote, alitia saini Mapatano ya Nkomati pamoja na P. W. Botha. Msumbiji iliahidi kutowaruhusu ANC kuishambulia Afrika Kusini kutoka kwake, na Makaburu wakaahidi kuacha kuwasaidia Renamo. Habari hizo zilipofika bwenini kwa njia ya redio tulibishana usiku kucha. Wengine walimwita Machel msaliti. Mwenzetu mmoja, aliyekulia ukingoni mwa mto Ruvuma na kuwaona wakimbizi wakivuka, alisimama akasema, "Ninyi mnasema hivyo kwa sababu moto hauko kwenye paa lenu." Akaitwa kibaraka. Marafiki wawili waliokuwa wakila sahani moja hawakusemezana mpaka tulipomaliza chuo.

Leo, baada ya miaka zaidi ya arobaini, twajua yaliyofuata. Makaburu hawakutimiza ahadi. Mwaka 1985 majeshi ya Msumbiji na Zimbabwe yaliteka kambi kuu ya Renamo huko Gorongosa, zikapatikana karatasi zilizoonyesha kwamba msaada uliendelea kupelekwa baada ya saini. Vita viliendelea, hata vijana wetu wa Jeshi la Wananchi wakapelekwa Msumbiji, na baadhi yao wamelala katika makaburi ya mashujaa Naliendele, Mtwara. Machel mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986.

Je, basi, waliosema usizungumze na adui ndio waliokuwa na haki? Tusifanye haraka. Maana ubaguzi ule ulikwisha kwa mazungumzo. Mandela alianza kuzungumza na wakubwa wa Makaburu akiwa bado mfungwa, tangu mwaka 1985, na baadhi ya wenzake walishtuka waliposikia. Mwaka 1990 akafunguliwa, mwaka 1994 watu wakapiga kura, na yale mabomu sita yalivunjwa bila kumwua mtu. Mwaka 1996 nchi za Afrika zilitia saini huko Cairo Mkataba wa Pelindaba, wa kuifanya Afrika yote kuwa bara lisilo na silaha hizo. Hapana shaka kususa, vikwazo na mapambano ndivyo vilivyomleta Kaburu mezani. Lakini mwisho wa yote ilikuwa meza.

Kama mazungumzo ya 1984 yalikuwa na dosari, na mazungumzo ya baadaye yakaleta uhuru, tofauti yake ni nini? Adui alikuwa yule yule, na bomu lake lile lile. Sisi twaona ya kwamba tofauti ni hii: ni nani aliyekuwa mezani, na ni mali ya nani iliyowekwa juu ya meza.

Mwezi Agosti 1975 Kaunda na Vorster waliwakutanisha Ian Smith na viongozi wa wapigania uhuru wa Rhodesia ndani ya behewa la treni lililosimamishwa juu ya daraja la Victoria Falls. Mazungumzo yalivunjika upesi. Lakini wenye nchi walikuwamo behewani, wakasikia kwa masikio yao, wakakataa kwa vinywa vyao. Huko ni kushindwa, si usaliti. Pale Nkomati, ANC hawakuwa na kiti. Baada ya saini wengi wao walitakiwa kuondoka Msumbiji, ikabaki ofisi ndogo tu. Machel alikuwa na haki ya kutafuta amani ya watu wake waliokuwa wakifa kwa njaa na risasi. Lakini sehemu ya bei aliilipa kwa fedha ya mwingine.

Sasa tazameni mwaka 1989. Kabla ya kutolewa Tamko la Harare la tarehe 21 Agosti, lililoeleza masharti ya kuzungumza na Makaburu, Oliver Tambo wa ANC alizunguka katika nchi za mstari wa mbele na rasimu mkononi, akiijadili na viongozi wake, mpaka afya yake ikavunjika mwezi ule ule. Mara hii neno lilitoka kwa wenyewe. Mandela naye, alipoahidiwa na Botha mwaka 1985 kwamba atafunguliwa akikana matumizi ya nguvu, alikataa, kwa sababu uhuru wa wengine haukuwa wake wa kuuza.

Basi kuzungumza na adui si usaliti. Usaliti ni kupatana naye juu ya mtu ambaye hayupo.

Na hapa yatupasa kukiri jambo. Miaka michache iliyopita, mjane mmoja wa kwetu Kisarawe, mwenye shamba la mikorosho na mifenesi, aliingiliwa mpaka na jirani mwenye fedha, mwenye wakili, na mwenye simu za wakubwa. Jirani alitishia kulichukua shamba zima. Sisi wazee wa kanisa tuligawanyika. Wengine walisema kwenda nyumbani kwake ni kujidhalilisha. Wengine walisema tusipokwenda, mama huyu atakosa vyote. Tulibishana majuma mawili, hata tukaambiana maneno ambayo hayafai kuandikwa humu. Mwishowe wazee watatu, nasi tukiwamo, tulikwenda jioni moja, tukanywa chai yake, tukakubali aongezewe nusu ekari ili mengine yasalimike. Tulirudi tukijiona wapatanishi.

Asubuhi tulimpelekea mama habari njema. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, pale mlipompa ndipo alipolala mwanangu wa kwanza. Mlinipangia mambo yangu kama kwamba mimi nimekwisha kufa."

Hatukujua kwamba kuna kaburi. Halikuwa na msalaba wala saruji, ila jiwe tu chini ya mfenesi. Lakini tungalijua kama tungaliuliza. Katika majuma yale mawili, waliotaka kwenda na waliokataa kwenda, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumwuliza mwenye shamba. Tulishughulika kujua nani kati yetu ni mwoga na nani ni jasiri. Hivyo hivyo bwenini mwaka 1984: tulibishana usiku kucha juu ya heshima ya Machel, wala hakuna aliyewataja wakimbizi wa Afrika Kusini waliotakiwa kufunga mizigo yao Maputo. Hasara kubwa ya ugomvi wa ndugu juu ya adui ni kwamba pande zote mbili humsahau yule anayegombaniwa.

Msomaji aweza kutuuliza, "Je, mambo ya nchi hayahitaji siri? Balozi atazungumzaje kama kila mtu yupo?" Swali hilo ni la haki. Sisi twajibu kwamba siri ziko mbili. Kuficha saa na njia ya kukutana, ili watu wasiuawe, ni busara. Kuficha bei kwa yule atakayeilipa ni wizi. Mandela alianza peke yake gerezani, lakini alimpelekea Tambo habari kwamba hafanyi mapatano yoyote bila wenzake.

Mwingine atasema, "Aliye na hofu ya bomu hana nafasi ya kuuliza watu." Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu alitaja mfalme mwenye watu elfu kumi aliyejiliwa na mwenye elfu ishirini, akapeleka wajumbe angali mbali kutaka amani. Mfalme yule hakulaumiwa. Kuogopa si dhambi, na kiongozi mwenye hofu ahitaji ndugu wa kumshauri kuliko ndugu wa kumtukana. Lakini hofu haimpi mtu hati ya kutoa cha mwenziwe.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, lijapo tena shauri la namna hii, liwe la mataifa au la mpaka wa shamba, tusianze kwa kuuliza, "Nani amekubali kwenda kwa adui?" Tuanze kwa kuuliza, "Mwenye jambo ameulizwa?" Kama ameulizwa na akakubali, aendaye apewe baraka, hata akirudi mikono mitupu. Kama hajaulizwa, asiende mtu, hata akiwa na nia njema kama yetu.

Mama yule alitusamehe, ingawa hakutuambia kwamba ni jambo dogo. Tulirudi pamoja naye kwa jirani, yeye mbele. Alizungumza mwenyewe, kwa sauti ya chini, na jirani akakubali kurudi nyuma hatua kumi na mbili, mfenesi na jiwe vikabaki upande wa mama. Sehemu iliyosalia ingali mbele ya baraza la ardhi. Kila siku ya shauri sisi hukaa benchi la nyuma, na mama hukaa mbele.