Risasi Mbili Tu

Mwezi uliopita nilikesha nikitazama video za Waingereza wakisifia bunduki. Sikuwa na sababu ya maana. Rafiki yangu mmoja, anayejua kwamba mimi ni mjukuu wa mwenye bunduki, alinitumia moja tu, halafu simu ikaniletea nyingine na nyingine mpaka saa nane usiku. Jamaa wamevaa makoti mazito ya sufu, wamesimama kwenye majani yenye umande, wanaeleza kwa nini wamerudi kwenye shotigani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, ile ambayo baba zao waliiona imepitwa na wakati.

Kwa miaka mingi wapigaji wa huko walihamia kwenye bunduki ambayo mtutu mmoja umekaa juu ya mwingine, aina iliyopewa umaarufu na kampuni ya Browning tangu miaka ya 1930. Wengine wakaenda kwenye zile zinazojipakia zenyewe. Sasa ile ya zamani imerudi. Wanapenda wepesi wake mkononi. Wanapenda nakshi za maua zilizochongwa kwenye chuma chake. Wanapenda pia kwamba ya babu wa mtu fulani inaweza kununuliwa mnadani kwa bei ya chini kuliko mpya ya dukani. Na wana sababu nyingine, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi: ina risasi mbili tu. Yaani inakulazimisha ujizuie. Mwenye risasi mbili hufikiri kabla ya kupiga, na ndege naye anabaki na nafasi ya kupona.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu babu yangu alikuwa akisema karibu maneno hayohayo.

Babu aliishi Chumbi, wilayani Rufiji, ukishavuka Daraja la Mkapa ukaiacha Ikwiriri nyuma yako. Bunduki yake ilikuwa ya mitutu miwili, ya kulia na ya kushoto, jina la mtengenezaji limeshafutika kwa kushikwa. Kitako kiliwahi kupasuka kikafungwa waya wa shaba. Ilikuwa inafunguka katikati kama muwa unaouvunja gotini. Mitutu inaning'inia, unatia risasi mbili, unaifunga, inalia *ka!* Vifyatulio vilikuwa viwili, cha mbele kwa mtutu wa kulia, cha nyuma kwa wa kushoto. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba namna ile ya kuficha nyundo ndani ya bunduki ilibuniwa na Anson na Deeley wa kiwanda cha Westley Richards, Birmingham, mwaka 1875, na mpaka leo bado inatengenezwa. Babu hakuwa na habari na Birmingham. Yeye alijua tu kwamba haikwami kwa matope.

Msimu wa mpunga tulikuwa tunalala kwenye dungu. Kwa ambaye hajafika Rufiji: dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, unapanda kwa ngazi, na familia nzima inaweza kuhamia huko mpaka mavuno. Adui mkubwa ni nguruwe pori. Wanakuja usiku, kundi zima, na wakiondoka wamekuachia matope na makapi. Watu wanapiga madebe, wanapiga kelele, wanawasha moto. Babu alikuwa na bunduki, ya pekee kwenye kitongoji chetu, na mashamba ya jirani yalikuwa yanahesabu kwamba ni yao pia.

Sheria yake ilikuwa moja. Risasi ya kwanza inakwenda juu, ya kuwaambia nguruwe kwamba tupo. Ya pili inabaki ndani. "Hiyo ya pili, mke wangu," alikuwa akiniambia, kwa utani ule wa mababu wa pwani kwa wajukuu wa kike, "usiipige mpaka umeona miguu minne. Gizani hata jirani yako anaweza kukoroma kama nguruwe." Mara nyingi haikupigwa kabisa. Alishuka nayo asubuhi, akaitoa, akaifuta kwa kanga kuukuu, akairudisha kwenye mkebe. Na hata alipoua hakupata kitu. Sisi nguruwe hatuli. Waliofurahi ni walimu wawili wa kutoka bara, waliokuja na baiskeli na gunia kabla jua halijachomoza.

Basi tuwatendee haki wale Waingereza. Sisi wapenzi wa fasihi tuna ugonjwa wao. Tunamheshimu mtunzi anayekaa na mizani kumi na sita kwa mshororo, vina vya kati na vya mwisho, hali akijua kwamba tangu Kezilahabi atoe *Kichomi* mwaka 1974 hakuna anayeweza kumzuia kuandika mistari huru. Tunaamini kwamba mpaka unamnoa mtu, kwamba anayeweza kusema mengi akachagua machache ana adabu fulani. Mimi pia naamini hivyo. Lakini angalia neno lenyewe: akachagua. Yule bwana wa kwenye video ana kabati nyumbani, na humo pengine mna bunduki ya risasi tano. Risasi mbili za babu hazikuwa uchaguzi. Ndizo zilizokuwepo.

Usiku ule, simu mkononi, nilikuwa nimeshafika kwenye jibu zuri la kuandikia makala: kwamba kujizuia kwa Mwingereza kumo kwenye bunduki, na kwa babu kulikuwa kwenye moyo, katika ile risasi ya pili isiyopigwa. Ningeishia hapo mngenipigia makofi. Tatizo ni kwamba najua habari hii ilivyoendelea, kwa sababu nilikuwa na mkono wangu ndani yake.

Mwaka 2017 kwetu palikuwa hapakaliki. Kibiti, Rufiji na Mkuranga, viongozi wa vijiji na vitongoji walikuwa wanauawa, mmoja mmoja, wengine mbele ya wake zao. Aprili mwaka huo askari polisi wanane waliuawa Kibiti kwa mara moja na silaha zao zikachukuliwa. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Novemba, mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji yale, alitoweka, na mpaka leo hajaonekana. Sisi wengine wa kazi hii tuliandika kwa uangalifu, tukiwa Dar es Salaam.

Kila mtu alijua kwamba wauaji wanatafuta silaha. Na kila mtu Chumbi alijua silaha iko kwa nani.

Nikampigia babu. Nikamwambia aipeleke kituoni ikahifadhiwe. Akaniuliza swali moja tu: "Na mashamba?" Nikamjibu kwa haraka ya mtu ambaye wali wake unatoka dukani: "Mashamba atayalinda Mungu, babu. Wewe jilinde." Alinyamaza kidogo, akasema haya. Aliifunga kwenye mkeka, akaenda nayo, akarudi na karatasi ya kupokelewa. Karatasi hiyo akaiweka ndani ya msahafu.

Hakuna aliyekuja nyumbani kwake. Labda ni kwa sababu bunduki haikuwepo, labda wasingekuja hata kama ingekuwepo. Hilo halijulikani na halitajulikana. Linalojulikana ni kwamba msimu uliofuata nguruwe walikuja kama kawaida, na hapakuwa na wa kuwaambia kwamba tupo. Shamba la jirani yetu, mama mjane, ndilo lililoanza. Usiku wa tatu mwanawe wa miaka kumi na mitano alishuka dunguni na tochi na debe. Dume likamkuta kwenye kijia akiwa amelipa mgongo. Walimchukua kwa pikipiki mpaka hospitali, paja limefunguka. Alipona. Anachechemea.

Serikali yetu ina maneno mawili kwa watu walioharibiwa mazao au kuumizwa na wanyamapori: kifuta jasho na kifuta machozi. Nimeyaandika mara nyingi kwenye habari bila kuyasikiliza. Kumbe ni maneno ya kweli sana. Hayasemi kwamba yanalipa. Yanasema tu kwamba kuna jasho, na kuna machozi.

Baada ya hapo nilifanya tunalofanya sisi tuliosoma tukishikwa na aibu: nikaenda vitabuni. Nikakuta kwamba aibu yangu ina wazee wake. Muhoro, si mbali na Chumbi, ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjikitile Ngwale mwezi Agosti 1905, Maji Maji ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Habari ya maji ya kugeuza risasi kuwa maji sote tunaijua, angalau kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein. Isiyosimuliwa sana ni ya nguruwe. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, akiandika juu ya Uzaramo, jirani zetu wa kaskazini, ameonyesha kwamba miaka ile ya kabla ya vita wanaume walikuwa wanachukuliwa kazini na uwindaji unabanwa, huku nguruwe wakimaliza mashamba yaliyobaki mikononi mwa wanawake. Waliobana uwindaji hawakuwa wanalala dunguni.

Kisha kuna simba. Kati ya 2002 na 2004, Rufiji, watu wasiopungua thelathini na watano waliuawa na simba. Aliyelaumiwa zaidi, alipopigwa Aprili 2004, alikutwa na gego bovu lenye jipu. Mwaka 2005 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa Craig Packer na wenzake uliohesabu zaidi ya watu mia tano waliouawa na simba nchini tangu 1990. Ulieleza jambo ambalo bibi yangu angelieleza bure: simba wanafuata nguruwe, nguruwe wanafuata mazao, na katikati yao kuna mtu amelala shambani akilinda mpunga.

Sasa narudi kwenye swali. Je, nilimshauri vibaya? Nimelizungusha miaka kadhaa na bado nasema hapana. Bunduki ile mwaka ule ingeweza kuleta watu mlangoni usiku, na wangeondoka nayo kwenda kuua wengine. Ningekuwa na simu ile tena leo, ningesema vilevile aipeleke. Nisingesema tu lile la Mungu na mashamba.

Kwa sababu kosa langu, nadhani, halikuwa kwenye ushauri. Lilikuwa kwenye kudhani kwamba kuweka silaha chini ni jambo linalomhusu anayeiweka peke yake. Yule bwana wa Uingereza akijizuia, gharama yake ni ndege mmoja aliyeruka akaenda zake, na yeye mwenyewe anarudi nyumbani akijisikia mtu bora. Babu alipojizuia gizani na ile risasi ya pili, gharama aliibeba mwenyewe, mpunga wake. Lakini mimi nilipochagua usalama wa babu, aliyelipa hakuwa mimi wala babu. Alikuwa mtoto wa jirani, na hakuna aliyemuuliza. Ningeweza kumuuliza mama yake. Ningeweza kuchanga fedha za walinzi wawili wa msimu. Mshahara wangu ungetosha. Niliridhika kwamba nimefanya lililo sahihi, na mtu akisharidhika hivyo huwa haulizi bili imekwenda kwa nani.

Babu alifariki. Niliporudi Chumbi baada ya mafuriko ya 2024, nyumba ilikuwa na alama ya maji ukutani na msahafu ulikuwa umeokolewa, karatasi bado imo, wino umesambaa. Bunduki hairithiwi kama shamba; anayeitaka anaomba kibali upya kwa jina lake. Hakuna kati yetu aliyeomba.

Kijana wa jirani siku hizi anaendesha bodaboda. Alinipeleka mpaka barabarani kusubiri basi, akakataa nauli. Tulipokuwa tunaagana akaniuliza, kwa upole, kama mtu anayeulizia kitu cha kuazima: "Dada, hivi ile bunduki ya mzee mtaifuata lini?"

Basi likaja kabla sijamjibu, na nikashukuru kwamba limekuja.