Kopo Linalolia

Kopo la ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, lina mlio wake. Ukilitikisa, vidonge hulia mle ndani kama kayamba, ndiyo maana wapo wanaovifunga kwenye karatasi au kuvizibia pamba, ili abiria wa ubavuni matatuni asijue. Kwa Wakenya wengi, kilichomo ni dawa ya jeneriki: kiini kilekile na nguvu ileile, ila imetengenezwa na kampuni nyingine, mara nyingi ya India, kwa bei nafuu mno.

Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Nani angeipinga? Nani hajawahi kuuziwa betri feki? Ila kifungu cha 2 kilitandaza wavu mpana: ughushi ni kuiga bidhaa bila idhini ya mwenye haki miliki, iwe haki hiyo iko Kenya au kwingineko. Kwa maneno hayo, dawa halali ya jeneriki ingeweza kuonekana ghushi machoni pa ofisa wa forodha, naye kapewa mamlaka ya kuikamata.

Watu watatu wanaoishi na VVU walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2009 kuipinga sheria hiyo. Nikiiwaza kesi hii, hapo ndipo ninapokawia. Jambo ambalo wengine hulifunga kwenye pamba, wao walilitia kwenye jalada la mahakama, likasomwa na kila mwenye macho. Ujasiri wa namna hiyo mtu huutoa wapi?

Serikali ilijitetea kwamba sheria haikukusudia kuzigusa dawa za jeneriki. Huenda, lakini nia njema haimo kwenye maandishi anayoyasoma ofisa wa zamu bandarini. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34, kwa kadiri vinavyozuia dawa hizo kupatikana, vinakiuka haki ya kuishi, utu na afya. Hakufuta hataza wala hakudharau jasho la mvumbuzi, ambaye naye ana watoto wa kulisha. Alikataa tu neno moja, ghushi, libebeshwe vitu viwili visivyofanana, kidonge cha chokaa na kidonge kinachotibu, kisha mgonjwa ndiye alipie mkanganyiko huo.

Asubuhi hii, kwenye dirisha la kliniki fulani, mama anapokea kopo lake. Analitikisa kidogo kabla ya kulitia mkobani.