Je, Mtumishi Apumzike Lini?



Katika makanisa yetu hapa makazini swali hili huulizwa kwa sauti ya chini: je, mtumishi aweza kustaafu kabla nguvu hazijamwishia? Wengine husema aliyeshika jembe la Bwana hufia shambani. Wengine humwona mzee amechoka, lakini hunyamaza kwa heshima. Basi tulitazame Neno.

Hesabu 8:24-26 yaeleza kwamba Walawi waliingia katika kazi ya hema wakiwa na miaka 25, na walipofikisha 50 wakaiacha. Hakusubiriwa mtu aanguke. Sisi tuliokwisha kubeba nyumba zetu kichwani twaelewa sababu. Hema ilihamishwa jangwani, na wana wa Kohathi walibeba vyombo vitakatifu mabegani (Hesabu 7:9). Bega likitetemeka, mzigo wa watu wote uko hatarini. Lakini mstari wa 26 haumfukuzi mzee: aliendelea kuwasaidia ndugu zake katika ulinzi. Aliacha mzigo, hakuiacha hema.

Mtazameni Eli. Alifika miaka 98, macho yamepofuka, angali katika kazi, na wanawe walikuwa wameidharau sadaka ya Bwana (1 Samweli 2 na 4). Aliwaonya, ila hakuna alichobadilisha. Huyo alichelewa.

Lakini kuna pia kutoka mapema kwa ubaya. Eliya alilala chini ya mti akiomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakuipokea barua yake ya kujiuzulu siku hiyo. Alimpa mkate, maji na usingizi, mara mbili. Baada ya safari ndefu ndipo akamtuma ampake Elisha mafuta awe badala yake. Tujifunze: uchovu si wito wa kustaafu. Kula kwanza, lala, ndipo uamue.

Mwalimu Nyerere aliuacha urais wa Tanzania mwaka 1985, akiwa na miaka 63, na neno kung'atuka likaenea. Uenyekiti wa chama aliuacha mwaka 1990. Hakukaa bure. Ndugu zetu Warundi wanakumbuka kwamba alikuwa msuluhishi wa mazungumzo yao ya amani huko Arusha mpaka alipofariki Oktoba 1999. Kwa mfano wa Mlawi, aliuweka mzigo chini akabaki mlinzi.

Kwa nini basi sisi wakimbizi tunaona ugumu zaidi? Nasema wazi. Mtu aliyepoteza shamba, nyumba, kazi na makaburi ya wazazi wake amebakiwa na kitu kimoja: kuitwa Mchungaji, au Mzee wa Kanisa. Ukimwomba akiache, ni kama unamkimbiza mara ya pili. Tusimcheke. Tumkumbushe kwamba jina lake limeandikwa mbinguni kabla ya kuandikwa katika daftari la kanisa.

Na mzigo mwingine ni wenu washirika. Mlawi aliishi kwa zaka. Mchungaji wa hapa hana pensheni, na mgao wa chakula mnaujua. Kumwambia mzee apumzike bila kuonyesha atakula nini ni kumfukuza kwa maneno mazuri. Kanisa linalotaka viongozi wang'atuke kwa wakati lianze kwa debe la mahindi wakati wa mavuno, na vijana wa kumlimia.

Tena tusingoje dakika ya mwisho. Miaka iliyopita tumeona viongozi wakiitwa kwenye safari ya Marekani au Kanada, wakaondoka ndani ya siku chache. Kwaya, daftari la ubatizo na mashauri ya ndoa vikabaki bila mtu aliyefundishwa. Musa alimwekea Yoshua mikono mbele ya mkutano wote angali hai (Hesabu 27), ili watu wazoee kumsikia.

Mimi mwenyewe naikaribia miaka hamsini, na maswali haya najiuliza: Je, yupo niliyemfundisha? Je, nataka kutoka kwa sababu nimeumizwa, au kwa sababu kazi yahitaji bega jipya? Je, nikiondoka nitakubali kukaa benchi la nyuma na kumwombea anayehubiri tofauti na mimi? Asiyeweza kujibu la tatu bado hajawa tayari, hata kama ana miaka themanini. Anayeweza kuyajibu yote asiogope kuonekana mvivu. Wakati wake umefika.

Bwana awape hekima wazee wetu, na awape washirika mikono ya kutoa. Amina.