Je, matembezi ya kutazama ni israfu?

Mwanafunzi wangu hapa Muyama aliniuliza: "Ustadhi, mama anatembea kutwa kutafuta kuni. Wewe umekwenda Gombe kutembea tu. Hiyo si israfu?"

Ni kweli nilipanda boti Kigoma mjini, nikashinda nikitembea ufukweni mwa Ziwa Tanganyika na msituni, kwani Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, hutembelewa kwa miguu. Huko ndiko Jane Goodall alikoanza kuwachunguza sokwemtu mwaka 1960.

Katika Surat Al-Ankabut, aya ya 20, Allah (sw) ametuamrisha tutembee katika ardhi tuangalie alivyoanzisha uumbaji. Basi kutembea kwa kutafakari si upuuzi.

Lakini nje ya mpaka wa Gombe, kufikia miaka ya 1990 vilima vingi vilikuwa vipara. Huku kwetu nako, mama anakwenda mbali kwa sababu miti ya karibu tumeimaliza. Ndugu Waislamu, anayesema "Subhanallah" hifadhini, kisha nyumbani akakata bila kupanda, ameangalia nini?

Mtume (saw) alifundisha kuwa mti aupandao Muislamu, wakala watu au ndege, ni sadaka yake. Nilimwambia kijana: mvua zikianza, tupande pamoja, karibu na kwa mama yako.

Wallahu a'lam.