Godoro Langu Ndani ya GK

Jumamosi iliyopita, nikingoja matatu stejini, gari la GK lilinipita limebeba magunia ya viazi na watoto wawili. Nikalaani kwa sauti. Pesa zetu hizo! Wenzangu wakaitikia.

Halafu nikakumbuka. Siku niliyoripoti chuo, mjomba, dereva wa serikali, alinipeleka na gari kama hilo. Godoro langu lilikuwa nyuma. Majirani walitoka kutazama, na hakuna aliyeuliza mafuta ni ya nani. Chuo niliacha baadaye, karo ilinishinda, lakini safari ile bado naiona kama sherehe.

Mwaka 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, aliagiza mawaziri warudishe magari makubwa, injini isizidi 1800cc. Wakanunuliwa Passat. Wapo walionung'unika, na baada ya muda magari makubwa yakarudi. Agizo liligusa injini. Mazoea halikuyagusa.

Katiba, kifungu cha 73, inasema mamlaka ya afisa wa serikali ni amana ya umma. Najua kiliandikiwa wakubwa, si madereva. Lakini amana ni amana. Mama mboga anayelipa ushuru kwa kila lita ya mafuta ya taa alilipia godoro langu pia, na watoto wake walitembea.

Mjomba alinipenda, na hapo ndipo pagumu, kwa sababu mwenye viazi pia anawapenda wake. Nikiona GK tena nitalaani, ila kwanza nitajitaja.